Mbwa katoka kwa fosta, kafika kwako, na sasa mambo hayaendi: anza kuangalia hapa

Maswali huwa ni yale yale. Mtu amechukua mbwa aliyeokolewa mtaani, mbwa amekaa kwa fosta (mtu anayemtunza kwa muda hadi apate nyumba) miezi kadhaa akanona, akachangamka, video zake zote anaruka ruka, halafu akifika nyumba mpya huko Ruaka ama Syokimau anakuwa mbwa mwingine kabisa. Hali chakula, anaharisha, analia usiku, anakojoa kwa zulia, na Jumapili jioni ujumbe unaingia: "naona huyu mbwa ana shida." Mara nyingi mbwa hana shida yoyote, shida iko katikati ya nyumba mbili, yaani vile alikuwa anaishi kule na vile anaishi kwako. Ndio maana karibu kila dalili hapa chini ukaguzi wa kwanza ni simu kwa fosta. Usimuulize tu "alikuwa mzuri?", atasema ndiyo. Muulize alikuwa analala ndani ama kibandani, anakula nini na saa ngapi na kwa chombo gani, anaenda haja kwa nyasi ama kwa simiti, alikuwa na mbwa wenzake, anaogopa nini, na dawa ya minyoo na ya kupe alipewa lini mara ya mwisho. Kadi ya chanjo uwe nayo mkononi, si picha ya WhatsApp ambayo tarehe hazisomeki.

Ukiona dalili hizi usisome mwongozo wowote, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo

Fizi nyeupe ama za manjano. Mkojo wa rangi ya kahawa. Kuharisha damu. Kutapika mfululizo, hata maji hayakai. Degedege. Tumbo limevimba na kukaza huku anajaribu kutapika hakuna kinachotoka. Anajikaza kukojoa na hakitoki kitu. Anapumua kwa shida. Ama unashuku amekula sumu ya panya ama nyama iliyotupwa juu ya ukuta, maana hiyo Nairobi hutokea, wezi hutega mbwa hivyo. Kama pakiti ya sumu umeiona beba nayo. Na usimnyweshe maziwa wala mafuta njiani, hayazimi sumu na yanaweza kuingia kwa mapafu.

Hali chakula

Hii ndiyo inaongoza, na sababu kubwa ni woga tu. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kukataa chakula siku ya kwanza hata ya pili na asife, bora anakunywa maji na anakojoa. Kitu ambacho watu hufanya ni kumsimamia juu ya bakuli wakimbembeleza, familia yote imezunguka, mtoto ameshika simu anarekodi, na mbwa anazidi kujikunja. Weka chakula kwa kona yenye hakuna mtu anapita, ondoka, rudi baada ya robo saa, kama hajagusa toa, jaribu tena jioni. Usianze kumbadilishia menyu kila saa, atajifunza haraka kwamba akikataa ugali kuna kuku anakuja.

Ya pili ni chakula chenyewe. Fosta wengi hapa wanapika, wali ama ugali na omena, mapafu, matumbo, halafu wewe umeenda supamaketi ukanunua zile tembe kavu za mfuko mkubwa. Kwa pua ya mbwa hicho si chakula bado. Omba fosta akupe chakula cha siku chache, uchanganye: mwanzo robo tu ya kipya, uongeze polepole hadi wiki iishe.

Ya tatu watu hucheka ukiwaambia lakini angalia chombo. Kuna jike mmoja alikuwa anakula kwa chombo cha plastiki kilichokatwa, kwa nyumba mpya akanunuliwa bakuli la chuma safi na kola mpya yenye kibati cha namba ya simu. Kila akiinama kibati kinagonga chuma, ting, anaruka nyuma. Wenyewe walikuwa wanadhani ni mgonjwa. Walipovua kola wakati wa kula akalamba bakuli hadi likasukumwa ukutani.

Kama hayo yote umeangalia na siku mbili zimeisha, sasa fikiria ugonjwa, na kwa Nairobi ugonjwa wa kwanza kufikiria ni homa ya kupe. Inua mdomo wa juu uone fizi: ziwe za waridi, ukifinya kwa kidole paache peupe halafu rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Kama una thamomita, ya mkunduni, joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi, kwa hivyo usishtuke ukisoma 38.8, kwa mtu ndiyo homa, kwa mbwa ndiyo kawaida. Ikipita 39.5 akiwa ametulia, si baada ya kukimbia, enda kwa daktari. Kumbuka pia kwamba aina moja ya homa ya kupe, ile ya ehrlichia, inaweza kujificha mwilini miezi mingi mbwa akionekana mzima, kwa hivyo fosta hakukudanganya akisema hakuwa mgonjwa, na kukosa kuona kupe hata mmoja leo hakumaanishi chochote. Ni kipimo cha damu kitasema. Dawa yake ikianza mara nyingi ni ya wiki nne hivi, na watu huacha siku ya tano kwa sababu mbwa ameanza kuchangamka. Usiache.

Simama hapa: mtoto wa mbwa usimsubiri siku mbili. Kama ni chini ya miezi sita na amekataa milo miwili akiwa mnyonge, nenda. Na usimpe Panadol wala dawa yoyote ya maumivu ya watu, zile ibuprofen ndizo mbaya zaidi, zinatoboa tumbo na kuua figo.

Anaharisha

Mshtuko wa kuhama na kubadilisha chakula ndizo sababu za kawaida. Kinyesi laini, mbwa bado anacheza, anakunywa maji: mpe wali uliopikwa laini na kuku aliyechemshwa bila mifupa, bila chumvi na bila kitunguu, kidogo kidogo siku mbili, kisha rudi kwa chakula cha fosta. Kwa kitunguu narudia, maana mbwa wetu wengi wanakula mabaki ya supu ya nyumbani na kila supu yetu inaanza na kitunguu. Kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, na kupikwa hakukiondolei ubaya.

Sababu inayofuata ni ukarimu. Kila mtu kwa nyumba amempa kitu: mama kampa maziwa, soja (mlinzi wa geti) kampa kipande cha chapati, watoto wamempa biskuti. Maziwa ya ng'ombe kwa mbwa wengi wazima ni kuharisha moja kwa moja. Mteue mtu mmoja wa kulisha.

Halafu minyoo. Dawa ya minyoo aliyopewa kwa fosta ni ya wakati huo, si ya maisha, na mara nyingi inarudiwa baada ya wiki mbili. Kama kinyesi kina ute ama kinakuja na kuisha na kurudi, beba kidogo kwa kikopo upeleke kipimwe badala ya kununua dawa ya kubahatisha.

Kwa watoto wa mbwa kuna parvo, ugonjwa wa kirusi, na hapa hakuna kujaribu kitu nyumbani. Kutapika, kunyong'onyea, halafu kuharisha kwenye harufu mbaya sana mara nyingi na damu. Inachukua kama siku tatu hadi saba kutoka kuambukizwa hadi dalili, kwa hivyo mtoto wa mbwa anaweza kutoka kwa fosta mzima akaugulia kwako, ama akaiokota kwako kabisa, maana kirusi kinakaa kwa udongo mwaka mzima. Kama umepanga nyumba, muulize mwenye nyumba ama majirani kama kuna mtoto wa mbwa amewahi kufia hapo. Sakafu unaweza kuosha uchafu kwanza kisha ukapitisha Jik (dawa ya klorini ya kusafishia) iliyochanganywa na maji, lakini udongo huwezi. Mtoto ambaye hajamaliza chanjo zake, na huwa zinaendelea hadi wiki 16 hivi, hatembezwi barabarani wala hawekwi chini kwa stage (kituo cha matatu).

Anakojoa ndani

Kabla umuite mkaidi, uliza alikuwa anakojoa wapi. Mbwa aliyezoea nyasi za fosta Karen ukimpeleka fleti ya ghorofa ya tatu hajui tiles za balkoni ndiyo choo, na hawezi kubana mkojo ukisubiri umalize kuoga. Mtoe akiamka tu, baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala, kila mara pahali pale pale, akimaliza msifu hapo hapo. Wengine wanakata kipande cha nyasi wanakiweka kwa trei balkoni na kinasaidia kweli.

Dume ambaye hajahasiwa anayeinua mguu kidogo kidogo kwa kila kona, huyo anaweka alama, ongea na daktari kuhusu kumhasi. Anayekojoa akiinama ukimkaribia ni woga, na ukimgombeza unaongeza mkojo. Ukisafisha tumia siki na maji, usitumie sabuni yenye amonia kwa sababu kwake inanukia kama mkojo. Na siki usichanganye na Jik hata siku moja, hiyo hewa itawaumiza wote ndani ya nyumba.

Akikojoa mara nyingi sana, kidogo kidogo, ama kuna damu, hilo si la kufunzwa, ni la kupimwa.

Analia usiku

Mara nyingi alikuwa analala na wenzake ama ndani ya nyumba, na wewe umemwekea kibanda kizuri nyuma karibu na tangi la maji, peke yake. Hapa kuna kitu nitasema hata kama kitakera. Nairobi tumezoea mbwa anafungiwa mchana na kufunguliwa usiku alinde, na wengi wanachukua mbwa wa kuokolewa wakiwa na hiyo picha kichwani huku fomu wamejaza "atakuwa wa familia." Mbwa amesoma maisha ya sebuleni kwa fosta, kumrusha kibandani siku ya kwanza ni kumwambia amekosea kitu. Kama lazima hatimaye alale nje, basi wiki za kwanza alale ndani karibu na mlango, kisha verandani, kisha kibandani, na uwe na kitambaa chenye harufu ya kwa fosta. Usikioshe.

Angalia pia baridi. Julai ya Nairobi simiti inauma, na mbwa wa nywele fupi akilala bila godoro ama mbao chini analia kwa baridi tu, hakuna saikolojia hapo.

Anayelia mchana ukitoka, anakwaruza mlango hadi kucha zinatoka damu, huyo ni woga wa kuachwa. Anza kutoka dakika moja ukirudi bila sherehe, ongeza polepole. Akiwa anajiumiza mtafute daktari, zipo dawa za kumsaidia atulie huku anajifunza.

Ametoroka ama anajaribu kutoroka

Siku za mwanzo ndizo hatari zaidi na mwanya wake karibu kila mara ni geti. Geti la gari linafunguka, kila mtu anaangalia gari, mbwa amepita. Kwa hivyo kanuni ya nyumba: mbwa ashikwe ama afungiwe chumbani kabla geti kuguswa, na hiyo kanuni aijue soja, dada wa kazi, na yule jamaa wa kuleta gesi. Kisha piga magoti uangalie chini ya geti. Mahali kichwa kinapita, mbwa mwembamba anapita, msumarie ubao hapo. Kola iwe na namba yako ya simu hata ndani ya nyumba, na kamba mwanzo zifunge mbili, moja kwa kola na nyingine kwa mkanda wa kifuani, mbwa mwoga anajua kurudi nyuma na kuvua kola kichwani.

Sababu ya pili ni kelele: radi za Aprili, fataki za Diwali kama unakaa Parklands ama Ngara, na saa sita usiku ya kuamkia mwaka mpya kila mahali. Usiku huo afungiwe chumba cha ndani, pazia, redio iko juu kidogo. Ya tatu ni joto la kutaka dume, jike ambaye hajafungwa kizazi anaweza kukaa kwa joto kama wiki tatu, atatafuta njia, na madume ya mtaa mzima yatakuja kumtafutia.

Ameshatoka? Usimkimbize na usipange watu watano wamzunguke, atavuka Thika Road. Mpigie fosta saa hiyo hiyo, usione haya, sauti yake huenda ndiyo pekee mbwa anaijua, na wengine hujaribu kurudi walikotoka. Ambia watu wa boda kwa stage, mama mboga, soja wa usiku wa jirani, hao ndio wanaona mbwa saa kumi alfajiri. Acha kitambaa chake na chakula pale alipotokea. Ukimwona, kaa chini, mgeuzie ubavu, tupa nyama, ngoja. Piga simu KSPCA pia, shirika la kutetea wanyama, kama kuna mtu amemwokota akawapelekea.

Ananguruma, anaonyesha meno, ameuma

Kunguruma usikuadhibu. Ni onyo, na mbwa aliyepigwa kwa kunguruma anajifunza kuruka hatua hiyo, siku nyingine atauma kimya. Badala yake tafuta ni wakati gani. Akiwa anakula ama na mfupa: alikuwa na njaa mtaani, anajua chakula kinanyang'anywa, mwache ale peke yake na watoto wasifike hapo. Akimwona soja ama mtu mwenye fagio: huyo amewahi kupigwa, mwambie soja aweke rungu chini, asimwangalie machoni, amrushie kipande cha chakula akipita tu, siku baada ya siku. Ukimgusa mahali fulani: maumivu, na masikio, meno na nyonga ndiyo ya kukaguliwa na daktari. Akiwa amelala na mtoto akamkumbatia: hapo tatizo ni mtu mzima aliyemwacha mtoto.

Ikiwa ameuma mtu na kutoboa ngozi, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, usipake pilipili, tumbaku wala mafuta, na uende hospitali siku hiyo hiyo hata kama kadi ya chanjo iko sawa, daktari ndiye ataamua sindano. Mbwa usimuue wala usimtupe mbali. Anafungwa salama na kuangaliwa siku 10, na ofisi ya mifugo ya kaunti iarifiwe. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona, ndiyo sababu mchezo hautakiwi. Mbwa aliyebadilika ghafla, sauti imekauka, mate yanatiririka, anayumba, hawezi kumeza: usitie mkono mdomoni ukidhani mfupa umekwama. Funga mlango, piga simu.

Anajikuna

Viroboto kwanza: chana karibu na mkia, zile chembe nyeusi ziweke kwa tishu yenye maji, zikitoa wekundu ni viroboto. Kisha kupe, wanapenda masikio, kwapa na katikati ya vidole. Ukijikuna na wewe pia, ama mtoto ametoka upele kwa mikono, fikiria ukurutu unaoambukiza na uende upimwe ngozi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpakie kwa kukadiria, nimeona mbwa waliotiwa kipimo cha ng'ombe wakaanza kutetemeka. Kama una paka ndani, soma pakiti, dawa za mbwa zenye permethrin zinaua paka. Na kijana wa agrovet (duka la dawa za mifugo) anayetaka kudunga sindano bila kumgusa mbwa hata tumbo, ondoka, tafuta daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete pia iko.

Hapatani na mbwa wa zamani

Walikutania ndani ya geti, hiyo ndiyo sababu tisa kwa kumi. Watoe wote wawili, watembezwe barabarani sambamba wakiwa na kamba, kisha waingie pamoja. Bakuli mbili, vyumba viwili wakati wa kula. Wakipigana hadi damu usiingize mkono katikati, mwaga maji ama tupa blanketi, watenge, itisha msaada.

Alikuwa malaika, wiki ya tatu ameanza vituko

Hii inavunja watu moyo lakini ndiyo habari nzuri zaidi kwa orodha yote. Wiki za mwanzo alikuwa ameganda kwa woga mkaita adabu. Sasa amepumua, anabweka, anaiba viatu, anajaribu kochi. Rudi kwa ratiba: saa za kula, saa za kutoka, matembezi marefu zaidi, mfupa mbichi mkubwa wa kutafuna, kamwe si wa kuku aliyepikwa. Wengi huchukua kama miezi mitatu kukaa sawa, waliopigwa huchukua zaidi.

Kama umefika hapo na bado nyumba haiwezi, mtoto mchanga amekuja, mwenye ploti amekataa mbwa, basi asiuzwe, asifunguliwe Uhuru Park, wala asipewe rafiki wa soja. Mpigie fosta ama waliokupa, toa muda wa kupanga. Akirudi arudi na kadi yake, chakula alichozoea na kitambaa chake, na kama alishauma mtu useme wazi alimuuma nani, wapi, na nini kilikuwa kinaendelea.